Simbilisi, sungura, hamsta au paka: yupi anafaa kwa mtoto wa miaka 8?

mama_wawili
Wakuu habari zenu. Mwanangu mkubwa ana miaka 8 na mwaka mzima sasa wimbo ni mmoja tu, anataka mnyama wake mwenyewe. Mbwa nimekataa, tunaishi ghorofani na mchana kutwa nyumbani hakuna mtu. Tumebaki na simbilisi, sungura, hamsta au paka. Yeye moyo wote uko kwa simbilisi, aliwaona kwa rafiki yake wanavyopiga kelele wakisikia mfuko wa majani unafunguliwa, tangu siku hiyo hatupumziki. Kila ninayemuuliza anasema chukua simbilisi huyo hana shida. Mliowafuga kweli naombeni ukweli, raha zake na tabu zake, sitaki kuleta kiumbe kije kuteseka kwangu.

msafisha_banda
Dada hongera kwa kuuliza kabla, wengi wanakuja hapa mnyama ameshaanza kuumwa. Mimi simbilisi nafuga mwaka wa 9 huu na nawapenda sana, ila hilo neno "hana shida" ndo limewaua wengi.

Simbilisi hafugwi mmoja. Ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake anajikunyata kwenye kona siku nzima na watu wanasema ametulia, kumbe mpweke. Uswisi waliliwekea sheria kabisa tangu 2008, wawili au zaidi. Halafu mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, kama sisi tu, asipoipata kwenye chakula viungo vinavimba, anakuwa hataki hata kutembea. Mimi wangu kila siku wanapata kipande cha pilipili hoho. Usitegemee yale matone ya kuweka kwenye maji, vitamini yenyewe inaharibika haraka na hujui amekunywa kiasi gani.

Na nyasi kavu ziwepo usiku na mchana, hilo halina mjadala. Meno yake yanaota maisha yote na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi. Mtu anampa karoti na chakula cha punje tu, baada ya muda meno yamepinda mnyama hawezi kumeza.

Sasa raha zake... asubuhi ukifungua friji tu wanakuita! Wakifurahi wanarukaruka hewani kama bisi kwenye sufuria, ukimkuna nyuma ya sikio ananguruma taratibu. Hamna mnyama mdogo anayeongea na mtu kama huyu.

usiku_mwema
Mimi nimefuga hamsta. Kwa mtoto wa miaka 8 sishauri, kwasababu hamsta mchana amelala na anaamka mtoto ndo anapanda kitandani, ukimwamsha kwa nguvu anang'ata. Na anaishi miaka 2 mpaka 3 hivi, mtoto anamzoea tu ameshaondoka. Uzuri wake ni kwamba hamsta wa aina ya Syria anatakiwa akae peke yake, ukiweka wawili wanaumizana vibaya, kwahiyo kama huwezi kulea wawili huyu ndo anafaa. Gurudumu la kukimbilia ni la hamsta jamani, simbilisi msimwekee anaumia mgongo.

masikio_marefu
Sungura nae asisahaulike, mwenye akili, anajifunza kujisaidia sehemu moja, na akitunzwa anafika miaka 8 hata 12. Ila nyaya zote za nyumbani ficha, wangu alimaliza ya chaja na ya feni ndani ya wiki moja. Na hapendi kubebwa, mtoto akimbeba vibaya akapiga teke anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Kuna watu wanamweka sungura na simbilisi banda moja ili wapeane kampani, msifanye hivyo, sungura anaweza kubeba bakteria wasiomsumbua yeye ila simbilisi wakampa nimonia, na lile teke pia.

baba_kiki
Nataka niseme hili kwasababu bado linaniuma. Tulikuwa na simbilisi wawili, Kiki na mwenzie. Ijumaa jioni Kiki hakuja kula, nikasema labda ameshiba. Jumamosi amekaa tu manyoya yamesimama, nikasema Jumatatu nampeleka kwa daktari. Jumapili alfajiri mwanangu ndo alimkuta. Sikujua kwamba tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama, akikaa nusu siku hajala hiyo ni dharura, unatoka muda huohuo. Wanaficha ugonjwa mpaka wamezidiwa. Siku hizi yule aliyebaki na mwenzie mpya nawapima kila Jumapili kwenye mzani wa jikoni, uzito ukishuka najua kuna kitu kabla sijaona dalili nyingine.

Na tafuta daktari anayewajua wanyama wadogo KABLA hujanunua. Dawa za jamii ya penisilini za kumeza ambazo mbwa anapewa kila siku zinaweza kumuua simbilisi, zinaua bakteria wazuri wa tumboni.

mama_wawili
Pole sana baba Kiki, nimesoma mpaka machozi. Asante kwa kutuambia. Je nikichukua dume na jike?

msafisha_banda
Hapana dada. Dume wa wiki 3 tu anaweza kupandisha, na jike akimaliza kuzaa anaweza kushika tena siku hiyohiyo. Baya zaidi, jike akichelewa kuzaa mara ya kwanza mpaka amepita miezi 6 au 7, mifupa ya nyonga inaweza kuwa imefungana na watoto hawapiti, mama na watoto wanaweza kufa wote. Watoto wenyewe wanazaliwa wakubwa, wana manyoya na macho wazi, ndo ujue. Chukua majike wawili, na mtu anayejua kutofautisha akuhakikishie.

paka_wangu
Paka hajatetewa mimi nimtetee haraka 😊 anajisafisha, mchana analala, haogopi kubaki peke yake kama hao. Ila anaweza kufika miaka 15 na zaidi, na lazima ale nyama. Tena dada ukichukua simbilisi leo usije ukaongeza paka kesho.

mama_wawili
Basi nimeamua simbilisi, majike wawili, ila mpaka likizo. Mtoto nimemwambia anayewalea ni mimi, yeye ni msaidizi wangu, kazi yake kujaza nyasi na kubadilisha maji. Kakubali haraka mno. Banda liwe na ukubwa gani?

msafisha_banda
Kwa wawili sentimita 120 kwa 60 ndo pa kuanzia, ukiweza zidisha, upana wa chini ndo muhimu sio ghorofa. Sakafu iwe bapa, zile za waya zinawachubua miguu. Weka vijumba viwili, kila kimoja na milango miwili, mmoja akiingia kumsumbua mwenzie yule awe na pa kutokea. Na mbali na dirisha la jua, joto linawaua haraka.