Wenye 1NZ kanda ya ziwa, tupeane uzoefu (kula oili, kuchemsha, milima)

Mchomoko wa Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Probox, mwaka wa nne sasa, injini 1NZ. Napiga Mwanza–Sengerema, siku nyingine nafika Geita. Abiria, dagaa, mihogo, hata mbuzi nimeshabeba.

Tangu Pasaka imeanza kula oili. Nikimwaga oili leo, nikitembea kilomita 1,000 kijiti cha kupimia oili kinasema lita nzima imekwenda. Asubuhi ikiwaka inatoa moshi wa bluu, halafu unakata. Na kile kilima cha Bugando nikiwa nimejaza, lazima nizime AC ndipo ipande, ila hilo lipo tangu naichukua, nimeshazoea. Fundi wa kwanza kasema nitafute injini ya mtumba. Wa pili kasema ringi tu. Kabla hela haijatoka mfukoni, naomba waliopitia haya waseme walifanyaje. Wenye IST, Raum, Spacio, Vitz, karibuni wote, injini zetu ni ukoo mmoja.

Fundi wa Mabatini
Mkuu, taja namba ya chasisi kwanza. Huku mtaani kila kitu kinaitwa 1NZ, na watu wanaumia dukani kwa sababu hiyo.

Ukoo wa NZ tunaokutana nao hapa una ndugu watatu. 1NZ-FE ni ya cc 1,500, 2NZ-FE ni ya cc 1,300. Silinda zake zina kipenyo kilekile, milimita 75. Tofauti iko kwenye safari ya pistoni: 1NZ inatembea milimita 84.7, 2NZ inatembea 73.5. Ukifungua boneti huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini ukipakia mzigo na kupanda mlima utaijua ipi ni ipi. Angalia mwanzo wa namba ya chasisi: IST NCP60 ni 2NZ, NCP61 ni 1NZ. Probox NCP50 ni 2NZ, NCP51 ni 1NZ. Ndugu wa tatu ni 1NZ-FXE ya Prius, na huyo ndiye kifungua mimba, alitoka 1997. Hizi FE zetu zilifuata 1999. Ile ya Prius haina starta, inaamshwa na mota ya umeme ya haibridi, kwa hiyo ukiambiwa "chukua hii ni 1NZ hiyohiyo" angalia vizuri. Na wenye Vitz ya cc 1,000, samahani, nyie si wa ukoo huu. Ile ya toleo la kwanza ni 1SZ.

Sasa oili. Moshi wa asubuhi unaokata baada ya muda mfupi, mara nyingi ni sili za valvu: gari ikilala, oili inadondoka kidogokidogo mpaka kwenye silinda. Lakini lita nzima kwa kilomita 1,000 si sili peke yake. Pistoni ina ringi tatu, ya chini kazi yake ni kukwangua oili na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo. Oili ikikaa muda mrefu inageuka masizi kama ya sufuria ya kuni, vitundu vinaziba, ringi inaganda kwenye mfereji wake. Oili inabaki ukutani inaungua. Kabla ya kufungua injini angalia valvu ya PCV, ile inayorudisha hewa chafu ya ndani ya injini ikaungue. Ni kidude kidogo, ukikitikisa kinatakiwa kilie. Kisipolia kimekwama.

Kitu kimoja tu: usikubali kuchonga bloku. Ni ya aluminiamu na slivu zake ni nyembamba, haikutengenezwa kuchongwa. Kama silinda zimelika, hapo ndipo uongee habari ya mtumba.

Sangara Mdogo
IST NCP60, kilomita 287,000. Namwaga oili kila 5,000, kijiti hakishuki. Sina cha kuongeza.

Mama Raum
Kaka Mchomoko pole. Yangu haikula oili, ilichemsha. Natoka Magu kwenda Mwanza, nilipokaribia Igoma sindano ya joto ikapanda. Nikapaki pembeni, fundi wa jirani akaja, akatoa thamostati akaitupa. "Dada, hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Nikamshukuru na kumlipa.

Kweli haikuchemsha tena kwa wiki kadhaa. Ila mafuta! Ya elfu thelathini yaliyokuwa yananifikisha Ijumaa yakawa yanaishia Jumatano. Shemeji yangu aliye udereva ndiye aliyenieleza: injini bila thamostati inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumimina petroli. Nikarudisha mpya. Ikachemsha tena! Ndipo akainama na tochi mbele ya rejeta. Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi? Walikuwa wamejaa kwenye matundu ya rejeta na kondensa ya AC, wamekauka, upepo haupiti kabisa. Tumewaosha kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, ndoo nzima ya wadudu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida tangu mwanzo, thamostati wa watu ilisingiziwa.

Foleni ya Kigongo
Mama Raum umenikumbusha ujinga wangu. Enzi za kivuko, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, nimekaa foleni Kigongo jua kali, Spacio imewaka kwa ajili ya AC. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo nami najua. Maji yakapungua. Nikashuka ziwani na dumu la lita tano, nikachota, nikajaza. Nikaona nimeokoa hela ya kulanti. Nimefanya hivyo mwaka mzima, kila nikipita.

Tulipokuja kufungua pampu ya maji, ndani kuna tope jekundu, mapanga yake yameliwa na kutu. Silinda hedi ilikuwa imepinda, hedi ya aluminiamu haivumilii moto. Kusawazisha hedi, gasketi, pampu, rejeta. Sasa daraja tunalivuka kwa dakika chache na dumu lile mke wangu anahifadhia mafuta ya taa.

Dagaa Mchele
Mimi nilichukua njia ya mtumba. Injini safi kwa nje, imeoshwa inang'aa. Wiki ya pili ikaanza kulia asubuhi, kra-kra-kra kwa sekunde mbili tatu halafu kimya. Cheni ya taiming imelegea. Kwa hiyo nilihama kutoka injini ninayoijua ugonjwa wake nikaenda kwa nisiyoijua. Ukienda mtumba dai iwashwe ikiwa baridi, usikubali ukute imeshapashwa moto.

Starlet Haifi
Ndiyo maana mimi sihami kwenye 5E, injini ya Starlet yangu. Bloku ya chuma, belti unabadilisha mwenyewe, ikichoka unachonga. Halafu wekeni oili namba 40 acheni mbwembwe.

Fundi wa Mabatini
Mzee wangu, 5E tunaiheshimu, lakini ushauri wa 40 usiulete huku. Hizi zina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, na inaendeshwa na presha ya oili kupitia valvu yenye kichujio chembamba. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu, cheni nayo inakaa kavu. Kitabu kinasema 5W-30, ukibadilisha na filta inaingia kama lita 3.7. Mtu anayeweka 40 anaficha moshi ili auze gari.

Starlet Haifi
Nimeuza mbili hivyo. Sitabisha.

Mchomoko wa Nyegezi
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu. PCV ilikuwa imekwama, nikabadilisha, ikapungua kidogo tu. Tukafungua. Ringi za oili tatu kati ya nne zimeganda, fundi alizitoa kwa kuchokonoa. Silinda zote ni nzima, mikwaruzo haipo. Tumeweka ringi, sili za valvu, tumesafisha mifereji na kile kichujio cha VVT-i. Nimeshaenda Geita na kurudi mara sita, kijiti kimesimama palepale. Wabeja sana, hasa Fundi.

Sasa kuna jambo. Duka la spea walikataa kuniuzia gasketi bila namba ya chasisi. Nikatoa kadi ya gari, ambayo kwa kweli sijawahi kuisoma zaidi ya jina langu. NCP50.

Dagaa Mchele
😂😂 Na AC ulikuwa unazima miaka minne.

Fundi wa Mabatini
Mkuu, rekebisha kichwa cha uzi.