Matroni kamlazimisha mwanangu kula hadi katapika, halafu naandikiwa kwenye dayari kuwa nimemdekeza

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mwanangu wa kiume ana miaka 6, yuko darasa la kwanza kwenye shule ya binafsi hapa Dar. Jina la shule siliweki kwa kuwa mtoto bado yuko pale. Ni mchaguzi wa chakula tangu alipoachishwa ziwa. Siyo kwamba hali. Anakula wali mkavu usioguswa na mchuzi, viazi vya kuchemsha, kiini cha yai, ndizi mbivu isiyo na doa, na dagaa wa Kigoma waliokaangwa mpaka wanalia mdomoni. Kliniki nilimpeleka mpaka akatimiza miaka 5 na hakuna hata mwezi mmoja niliambiwa ana uzito pungufu.

Mwaka huu ulipoanza alikuwa kwenye chakula cha shule, yaani alikuwa anashinda njaa. Anarudi saa 10 jioni midomo imekauka, anakunywa uji vikombe viwili bila kupumzika. Nikaomba nimfungie chakula cha nyumbani. Wakakubali, ila hela ya chakula niendelee kulipa, 150,000 kila muhula. Nikalipa, sikugombana na mtu.

Sasa mjue kumfungia chakula mtoto wa namna hii kulivyo. Basi la shule linapita kwetu saa 11:40 alfajiri. Saa 10 niko jikoni. Nachemsha maji, namimina kwenye hotpoti tupu na kufunika dakika 10 ili ipate moto, namwaga, ndipo napakua wali ukiwa bado unafuka. Ukiweka wali kwenye hotpoti baridi, saa 4 umeshapoa, na wao wanakula saa 7 mchana. Dagaa wana kopo lao, na siwafuniki mpaka wapoe kabisa, maana wakifunikwa na joto wanatoa jasho wanalainika, na wakilainika mwanangu hawagusi. Chini natandika tishu.

Halafu kuna kopo la tatu, dogo sana, na hilo ndilo linaloniuma leo. Tangu Januari nilikuwa naweka humo punje 3 za maharage. Tatu tu. Nesi mmoja wa kliniki aliniambia mtoto wa hivi inabidi akione chakula kipya mara nyingi, kumi na zaidi, bila mtu kumsukuma, ndipo akizoee. Januari na Februari zote zilirudi tatu. Machi punje moja ilirudi ina alama ya meno. Mwezi wa tano siku moja akashuka kwenye basi akikimbia, kopo mkononi, akalifungua mbele yangu: "Mama, nimekula yote." Nililia nikiwa naosha vile vyombo.

Mwezi wa saba akaja matroni mpya. Likatumwa tangazo kwenye kundi la wazazi kwamba anayeleta chakula cha nyumbani alete kinachofanana na ratiba ya shule ili watoto wasitamaniane. Jumatatu wali maharage, Jumanne ugali na mchicha, Jumatano wali wa nazi na samaki, na kuendelea. Nikaenda mwenyewe kumweleza hali ya mtoto. Akanijibu bila hata kunikaribisha kiti: "Mama, akiona njaa atakula."

Hapo hapo nikamwonyesha vyakula vya watoto vilivyorundikwa kwenye beseni dirishani, jua linavipiga. Nikamwambia, dada yangu, wali wa nazi kwa joto la Dar, umefungwa alfajiri, mchana si umeshachacha? Chakula kikishashuka chini ya nyuzi 60 bila kufika kwenye ubaridi wa friji, vijidudu vinazaliana, na vipo vya kwenye wali vinavyoacha sumu ambayo hata ukipasha moto haitoki. Akasema hakuna mtoto aliyewahi kuumwa.

Jumanne iliyopita nikafuata ratiba. Nikafunga ugali na mchicha, na pembeni nikaongeza ndizi ili asishinde njaa. Ndizi ikachukuliwa. Wenzake walipomaliza wakarudi darasani, yeye akabakishwa peke yake kwenye benchi, rula ipo mezani. Matroni akashika kijiko akamlisha kwa nguvu. Mtoto akatapika. Akachapwa rula mbili kiganjani kwa kuwa eti ametapika makusudi. Hayo kanisimulia mwenyewe, na dada wa kwenye basi kaniambia vivyo hivyo. Shati lilirudi kwenye mfuko wa plastiki, bichi, mchicha umeganda kwenye kola. Na kwenye dayari, kwa wino mwekundu: "Mzazi, mtoto amedekezwa. Mfundishe kula."

Nimemdekeza! Mtu ninayeamka saa 10 usiku!

Kuhusu rula, kanuni za viboko za 2002 zipo na mnazijua. Hata hizo, ambazo mimi sizipendi, zinasema ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi 4, anayetoa adhabu ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa kibali cha maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Matroni si mkuu wa shule wala si mwalimu. Na tangu lini kushindwa kumeza mchicha kukawa kosa kubwa la nidhamu?

Najua watakuja wa kusema sisi tulikula kila kitu na hatukufa. Mimi pia nimekulia sinia moja, watoto sita, ukisusa wenzako wanamaliza. Lakini sikumbuki mama yangu kumshindilia mtu kijiko kooni. Ulisusa, ukanyamaza, jioni ukala. Na shule hii inayojali lishe kiasi hicho, duka lake la ndani linauza ubuyu wa rangi na juisi za unga kila mapumziko. Hilo halina ratiba.

Tangu Jumanne hiyo mtoto anafungua begi alfajiri analitoa lile kopo dogo mwenyewe, analiweka juu ya kabati. Simwambii kitu. Jana hata dagaa wamerudi wote, na usiku kaniuliza kama anaweza kwenda shule bila chakula kabisa. Miezi mitano ya punje tatu tatu imeondoka mchana mmoja.

Kesho saa 2 asubuhi nina miadi na mkuu wa shule. Shati sijalifua, naenda nalo, na dayari pia. Nataka matroni asimguse tena mwanangu wakati wa kula, na chakula ninachofunga kiliwe au kirudi kama kilivyo. Wakinizungusha, nianzie kwa afisa elimu kata au niende moja kwa moja ustawi wa jamii? Aliyewahi kupita njia hii anielekeze leo usiku, tafadhali. Na kama kuna mzazi ambaye mtoto wake alikataa chakula baada ya kulazimishwa akarudi kula, nambie ulianzia wapi.