Deksa kwa punda: iuzwe dukani bila karatasi ya daktari?

Mwana wa Langoni: Haya, tulizungumze waziwazi. Punda akichechemea leo na keshokutwa anabeba mchanga, mjue amechomwa deksa, yaani deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, na hapa Lamu punda ndiye gari letu. Wapo wanaotaka ifungiwe, bila karatasi ya daktari wa mifugo hupewi. Wengine wanasema mwenye punda asisumbuliwe. Mwaonaje? Na tusiletewe habari za panya wa maabara. Panya habebi shogi.

Kwato Nne, Shela: Ifungiwe, tena jana. Deksa haiponyi mguu, inanyamazisha maumivu na uvimbe. Punda mwenye jipu ndani ya kwato akichomwa atatembea, na usaha utaendelea kupanda juu. Jipu dawa yake ni kisu cha kwato: litobolewe, usaha ushuke, pasafishwe, pafungwe. Tena huyu si farasi. Punda akiacha kula siku mbili tatu, hasa aliyenona au mwenye mimba, mafuta ya mwili humwagika damuni, na damu ikitulia kwenye chupa maji yake yanakuwa meupe kama tui. Deksa inaipinga insulini, kwa hiyo inamsukuma huko huko.

Pweza Mkavu: Acha kutisha watu. Punda wa kilo 120, kwa 0.05 mg kwa kila kilo, ni 6 mg. Hiyo ni mililita 3 za chupa yenye 2 mg kwa kila mililita. Sindano moja ya kiasi hicho kwa punda mzima, anayekula, haina balaa. Na kabla hujaleta laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato: farasi wadogo waliougua kwato kwenye majaribio walitiliwa insulini nyingi mishipani huku sukari yao ikishikiliwa sawa. Hawakupewa deksa.

Kwato Nne, Shela: Sijaitaja laminaitisi. Unajibu ambalo sijasema.

Maabara Malindi: "Panya habebi shogi." Ndugu yangu, mengi unayoyajua kuhusu deksa yalianzia kwa panya. Mtoe adrenali zote mbili, zile tezi za juu ya figo, atakufa baada ya siku chache. Mpe maji ya chumvi ya asilimia 0.9 anywe, wengi wanaishi. Mfungie chakula umpe kortisoli, homoni ya tezi hizo ambayo deksa inaiiga, ini linajaa glikojeni (akiba ya sukari) ilhali hajala, kwa sababu misuli inamumunywa ipate kuwa sukari. Thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, inanywea. Aliyaona mtafiti Selye kule Montreal, 1936, alipowadunga panya kortisoli.

Mwana wa Langoni: Watu wa tuktuk ndio wanaotufundisha punda sasa? Malindi punda mnamjua kwa picha.

Maabara Malindi: Tuktuk haichomwi sindano ili ishinde mashindano ya Maulidi.

Mwana wa Langoni: Taja jina la aliyechomwa! Au nyamaza.

Bi Mkomani: Wanangu, taratibu. Lakini wewe wa maabara, 1936 hapakuwa na kortisoli ya kumdunga mtu wala panya. Selye aliwatia kwenye baridi, akawajeruhi, akawachosha kwa mazoezi, akawapa sumu kidogo. Thaimasi ikanywea, tumbo likatoka vidonda, adrenali *zikakua*. Kwa deksa ya siku nyingi adrenali *husinyaa*, maana ubongo unaacha kuziamrisha. Ndiyo sababu dawa ya wiki kadhaa haikatwi ghafla: inapunguzwa polepole, tezi ziamke.

Maabara Malindi: Thaimasi imenywea kote kuwili. Ndilo nililosema.

Pweza Mkavu: Hilo la tuktuk ndilo lenye maana. Kama watu wanachoma kabla ya mbio, si wapimwe kortisoli tu? Ikiwa juu, kadungwa.

Maabara Malindi: Kinyume chake! Deksa inaizima kortisoli ya mnyama mwenyewe, kwa hiyo aliyechomwa hupatikana *chini*. Aliye juu huenda ameogopa ngoma tu. Panya damu yake hutolewa ndani ya dakika 3 tangu uguse kizimba chake. Ukichelewa unapima woga wako uliomtia. Hata panya wa kulinganishia huchomwa sindano ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, kwa kuwa sindano peke yake inapandisha. Halafu saa: panya kilele chake ni giza likiingia, punda na farasi ni asubuhi. Ukitaka kumshika mtu, tafuta deksa yenyewe kwenye damu au mkojo.

Pweza Mkavu: Basi hesabu chembe nyeupe, ni rahisi.

Bi Mkomani: Chembe nyeupe ni za aina nyingi: nyutrofili zitapanda kwa kubanduka kwenye kuta za mishipa, limfosaiti zitashuka. Na mnyama mwenye woga mkubwa hufanya vilevile. Hujamshika mtu hapo.

Mwana wa Langoni: Nasubiri jina bado.

Kwato Nne, Shela: Jina la nini? Mwenye kisu cha kwato kizuri ni nani hapa? Vingi vinavyouzwa ni butu, na kisu butu ndicho kinachofanya watu wakimbilie chupa.

Mwana wa Langoni: Kisu kinanolewa. Malindi hawana jiwe la kunolea?