Naomba ushauri: nahamia kisiwa kidogo na kazi yangu ni ya mtandaoni

PwaniTulivu:
Wakuu, salaam. Nataka kuhamia kisiwa kidogo kwa miezi sita na kazi iendelee kama kawaida. Naandika programu, na kila siku kuna vikao vya video vya jumla ya saa moja na nusu. Nyumba nimeipata, ipo mita chache kutoka ufukweni na mandhari yake ni ya kupendeza mno. Mwenye nyumba anasema intaneti "ni nzuri". Umeme wa kisiwa unatoka kwenye jenereta na hukatika. Nihakikishe nini kabla ya kulipa, na nibebe nini?

MegabitiTano:
Mkuu, "nzuri" haina maana mpaka uone namba. Mwombe mtu aliye ndani ya nyumba hiyo hiyo apime mara tatu: asubuhi, kwenye saa za vikao vyako, na saa mbili usiku watu wengi wanapokuwa mtandaoni. Wengi huangalia kasi ya kupakua tu, lakini kikao cha video hufia kwenye kupakia. Tafuta walau megabiti 5 kwa sekunde za kupakia. Kikao chenyewe hutumia 2 hadi 4, kinachobaki ni akiba ya saa ambazo laini imeelemewa.

Kisha apige ping, yaani kipimo kinachotuma pakiti ndogo za data na kuhesabu zinazorudi. Kwenye Windows amri ni ping -n 200 8.8.8.8, na mwishoni inaonyesha pakiti ngapi zimepotea. Zikizidi 2 kwa kila 100, sauti itakatika hata kama kasi ni kubwa. Kuhusu bando, saa moja ya video hula kama gigabaiti 1 hadi 1.5, kwa hiyo vikao peke yake vinaweza kumaliza gigabaiti 50 kwa mwezi.

Mpitaji77:
Nunua tu laini mbili za kampuni tofauti. Moja ikizima unahamia nyingine.

MegabitiTano:
Laini mbili zinasaidia mnara mmoja ukiharibika, lakini kisiwani mara nyingi minara yote inategemea kebo moja ya chini ya bahari au mnara mmoja wa mawimbi unaotazama nchi kavu. Njia hiyo ikikatika, kampuni zote huzima kwa pamoja. Januari 2022 mlipuko wa volkano ulikata kebo ya Tonga, na ikachukua takriban wiki tano kuunganishwa tena na dunia. Kwa hiyo swali la kuuliza ni "mawasiliano ya kisiwa yanapita wapi?" Ikiwa njia ni moja, akiba yako ya kweli ni setilaiti.

FundiSola:
Nigusie umeme, kwa sababu bila umeme hayo yote hayawaki. Usinunue betri kabla ya kupiga hesabu. Kompyuta wati 50 kwa saa 8 ni 400. Skrini ya pili wati 25 kwa saa 8 ni 200. Rauta wati 10 kwa saa 24 ni 240. Jumla wati-saa 840. Ukiongeza dishi la setilaiti la wati 60 kwa saa 10, unafika 1,440. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo inakula kama asilimia 15, hivyo panga 1,700 kwa siku.

Betri ya lithiamu fosfati ya volti 12.8 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1,280, na ni vizuri usiishushe chini ya asilimia 10. Moja inatosha bila dishi. Ukiwa na dishi, chukua mbili. Betri za asidi utumie nusu tu ya uwezo wake, la sivyo zinachoka mapema, kwa hiyo ule unafuu wa kununulia unayeyuka. Ili kurudisha 1,700 kwa jua la saa 4 lenye nguvu, ukitoa upotevu wa robo, unahitaji paneli za karibu wati 600. Saa ambazo jenereta inafanya kazi, chaji kwa umeme huo pia.

Makosa ninayosisitiza yaepukwe ni matatu. Inveta isiyotoa mawimbi safi hupasha chaja joto na kuleta mlio kwenye maikrofoni. Rauta ya volti 12 isiunganishwe moja kwa moja na betri, maana betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Weka kibadilishi kinachotoa volti 12 thabiti, na utakuwa umeikwepa inveta pia. Tatu, fyuzi. Kwa inveta ya wati 600 weka fyuzi ya amperi 80, karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na waya wa milimita za mraba 16 usiozidi mita moja. Fyuzi ikikaa upande wa inveta, waya wote uliobaki hauna ulinzi.

PwaniTulivu:
Shukrani sana. Hilo dishi likae wapi? Nyumba imezungukwa na minazi.

AngaWazi:
Hapo ndipo kazi ilipo. Setilaiti za Starlink, huduma ya intaneti ya dishi, zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo zinapita haraka na dishi linahama kutoka moja hadi nyingine. Kuti moja likipepea mbele yake linakata kikao kwa sekunde kadhaa, kila baada ya dakika chache. Programu yake ya simu ina kipimo cha vizuizi: tembea nacho juu ya paa na kwenye kila kona ya uwanja kabla ya kutoboa tundu lolote.

Kama utaambiwa kuna setilaiti ya zamani, uliza iko kimo gani. Zile za kilomita 35,786 zina ucheleweshaji wa karibu milisekunde 600: barua pepe zinapita, mazungumzo ya video mnaingiliana kila sentensi. Hakikisha pia huduma imeruhusiwa katika nchi hiyo, kwa sababu kifaa kisicho na kibali kinaweza kuzuiwa forodhani.

ChumviNaKutu:
Mita chache kutoka ufukweni ni uzuri kwa macho na adui kwa vifaa. Upepo hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na tundu la chaja linageuka kijani. Nje tumia nyaya za shaba zilizopakwa bati na boliti za chuma cha pua daraja la 316. Viunganishi vipake grisi yake maalumu. Ndani, kompyuta usiku ilale kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto, la sivyo umande unajikusanya kwenye bodi. Na beba chaja mbili: bahari ikichafuka boti hazisafiri, na kipuri kinaweza kuchelewa wiki nzima.

Mhasibu_wa_Visiwa:
Makaratasi yasisahaulike ikiwa kisiwa kipo nchi nyingine. Viza ya utalii mara nyingi hairuhusu kazi. Baadhi ya visiwa vina kibali maalumu cha kazi ya mtandaoni, kama Barbados iliyoanza kutoa cha miezi 12 mwaka 2020. Nchi nyingi huanza kukuhesabu mkaazi wa kodi, yaani mtu anayeweza kudaiwa kodi huko, ukifikisha siku 183, na miezi sita ni kama siku 182. Boti ikichelewa siku moja au mbili umevuka. Panga kuondoka wiki mbili kabla. Mwajiri akupe ruhusa kwa maandishi, maana kampuni nyingine huzuia kufungua mifumo yao kutoka nje ya nchi.

FundiSola:
Na malipo, Mkuu: lipa wiki moja kwanza, uandikiane na mwenye nyumba kwamba miezi iliyobaki inategemea vipimo. Fika Ijumaa. Jumamosi zima swichi kuu ya nyumba kuanzia asubuhi hadi jioni, fanya kikao cha majaribio cha saa moja na nusu kwa betri na njia yako ya akiba peke yake, kisha soma asilimia iliyobaki.