Mama yangu mgonjwa ameinuliwa kwenye benchi la bustani ya hospitali ili benchi lipigwe picha!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado nimesimama koridoni na vidole vinatetemeka, kwa hiyo mnisamehe nikikosea herufi. Yule bwana wa funguo, ambaye kila aliyewahi kuuguza pale anamfahamu na sina haja ya kumtaja, asubuhi hii amemwinua mama yangu kwenye benchi la bustani. Amemwinua, wakuu! Mama ana siku ya sita tangu apasuliwe. Mkono mmoja ulikuwa umeshika tumbo, mwingine una sindano ya dripu, na ilituchukua karibu nusu saa kutoka wodini hadi chini ya ule mti, tukipumzika kila baada ya hatua chache kama msafara unaovuka jangwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi na kufumba macho, jua likimpiga miguuni, mara nikasikia funguo zikilia kama njuga, na sauti ikasema, "Bibi, inuka, benchi linapigwa picha."

Mnajua picha hiyo ni ya nini? Ni ya kipeperushi kinachoeleza jinsi wagonjwa wanavyopewa mahali tulivu pa kupumzikia. Mgonjwa aliyekuwa anapumzika ameondolewa ili picha ya mapumziko itoke vizuri.

Bustani yenyewe ina kufuli kubwa kuliko la stoo ya dawa, na nyasi zake zinaheshimiwa kuliko mgonjwa mahututi, maana mgonjwa unaweza kumsogelea. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao wakiwa na dirisha linalotazama miti na nusu linalotazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Hao walikuwa wanaiona miti kwa dirishani tu. Mama yangu alikuwa ameufikia mti wenyewe, ameuegemea, akaambiwa, "Bibi, inuka."

Na aliinuka. Hilo ndilo linaloniua. Aliomba na radhi.

Majibu

Kiti cha Plastiki: Pole kwa mama, mkuu. Ila nimecheka mahali ulipomtafutia bwana wa funguo utafiti wa mwaka 1984. Ungemwonyesha pale pale, huenda angeupiga picha na huo.

Zamu ya Usiku: Mimi ni muuguzi, na nasema bila kuficha kwamba bwana huyo aliwahi kunifukuza hata mimi, nikiwa na sare, nilipotoka nje dakika tano baada ya kumfunga macho marehemu wangu wa kwanza. Watu husahau kwamba sisi pia tunahitaji mahali pa kulilia pasipo na ndugu wa mgonjwa.

Mshika Mfuko: Mleta mada, wewe ulifanya nini mama alipokuwa anainuliwa? Nimesoma mara mbili na sijaona ulipofungua mdomo.

Mleta mada: Nilishika nguzo ya dripu. Ulitaka niiachie?

Mshika Mfuko: Kwa hiyo hasira zote umezihifadhi kwa ajili yetu. Ahsante sana.

Jirani wa Kitanda: Nyinyi mna bahati ya kuwa na bustani hata hiyo ya kufukuzwa. Kwetu kwenye korido ya kwenda chumba cha upasuaji wametundika mchoro mkubwa wa jahazi linalozama katika dhoruba. Unasukumwa chali juu ya machela, na kitu cha mwisho unachokiona kabla ya nusukaputi ni mabaharia wamenyoosha mikono. Niliomba angalau wageuze upande wa nyuma.

Sikio Moja: Mchoro haupigi kelele. Chumba chetu cha utulivu kina televisheni inayonguruma tangu alfajiri, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka kelele wodini zisizidi wastani wa desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Jana tumetangaziwa sabuni mara kumi na moja wakati mzee mmoja anaagana na mdogo wake.

Jirani wa Kitanda: Zimeni rimoti, mnalalamika nini?

Sikio Moja: Rimoti haina betri.

Zamu ya Usiku: Na bomba linalodondoka je? Msanifu majengo Alvar Aalto alipojenga sanatoria ya Paimio, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu kule Ufini, iliyokamilika mwaka 1933, alibuni masinki yenye mteremko maalumu ili maji yateleze bila sauti na mgonjwa anayenawa asimwamshe mwenzake wa chumbani. Mimi nimeweka kitambaa chini ya bomba miezi mitatu, na kila asubuhi kuna mtu anakianua na kukikunja vizuri.

Kiti cha Plastiki: Namjua anayekikunja. Ana funguo.

Mshika Mfuko: Chumba chetu cha sala na ukimya kimejaa maboksi ya glavu. Unapiga magoti unatazamana na maandishi "saizi kubwa".

Mleta mada: Wakuu, naomba turudi kwenye benchi. Mama amelala sasa, na bado sijapata hata mtu mmoja wa kuniambia pa kupeleka malalamiko.

Sikio Moja: Tutarudi, mkuu. Kwanza Jirani wa Kitanda atueleze betri za rimoti alizitoa nani, maana amekuwa mwepesi mno kutuambia tuzime.