Peji ya habari na uchaguzi wa 2027: posti za siasa zikifutwa au zikifichwa Facebook na TikTok, mnafanyaje?

mhariri_wa_kaunti

Wakuu salaam. Tunaendesha peji ya habari za kaunti: Facebook, TikTok na chaneli ya WhatsApp. Tunaandika utaratibu wa kazi wa uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027 na kuna mambo hatujaelewana kwenye meza ya uhariri.

Posti ya siasa ikifutwa, au ikabaki lakini haimfikii mtu, tunajuaje ni nani aliyeamua, na rufaa inapelekwa wapi? Tukibusti (tukilipia ifikie watu wengi) habari inayomtaja mgombea, hilo ni tangazo la kisiasa hata kama hakuna mgombea aliyetulipa? Na kubwa kuliko yote ni usiku wa kuhesabu kura: tunaweza kurusha picha za Fomu 34A (fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo) pamoja na jumla zetu wenyewe bila peji kufungiwa? Mnaojua kanuni zenyewe, si fununu, naomba maelezo ya kina.

Mlinda_lango

Ndugu mhariri, wengi hushindwa rufaa kwa sababu wanabisha hodi kwa mlango usio wao. Facebook ina njia tatu tofauti za kuigusa posti ya siasa, na kila njia ina mwenyewe.

Ya kwanza ni kufutwa kwa kuvunja kanuni za jamii. Wakati wa uchaguzi aina zinazofutwa si nyingi: uongo kuhusu tarehe, saa, mahali au namna ya kupiga kura; uongo kuhusu nani anaruhusiwa kupiga; kununua na kuuza kura; kuchochea vurugu; matamshi ya chuki. Kuandika kwamba serikali imeshindwa au kwamba tume inapendelea upande fulani hakumo. Posti ikienda kwa njia hii mtapata taarifa, na sehemu ya hali ya akaunti itataja kanuni iliyovunjwa. Ombeni ipitiwe upya hapo hapo. Mkikataliwa, mtapewa nambari ya kumbukumbu ya kupeleka shauri Oversight Board, bodi huru inayopitia maamuzi ya Facebook, na mna siku 15. Bodi hiyo huchukua mashauri machache mno, kwa hiyo msiitegemee kurudisha habari ya jioni.

Kila kufutwa kunaweza kuacha straiki (alama ya kosa), kwa peji na pia kwa profaili ya aliyeposti. Straiki ya kwanza ni onyo. Kuanzia ya pili hadi ya sita mnaweza kunyimwa huduma fulani, kwa mfano kuposti kwenye makundi. Ya saba inawafungia kuposti siku 1, ya nane siku 3, ya tisa siku 7, ya kumi na kuendelea siku 30. Makosa mazito hayafuati ngazi hii. Straiki hukaa mwaka mmoja, maana yake uzembe wa Septemba 2026 bado utakuwa unahesabiwa wiki ya kura. Wekeni admini wasiopungua watatu, kila mmoja na uthibitishaji wa hatua mbili, ili mmoja akifungiwa peji isilale.

Ya pili ni wahakiki wa habari. Kenya kazi hiyo imefanywa na AFP, Africa Check na PesaCheck. Posti haifutwi: inabandikwa lebo na kusambazwa kidogo, na peji inayorudia kosa inapunguziwa ufikiaji wa posti zake zote na kunyimwa mapato na matangazo. Hapa rufaa haiendi Facebook. Inakwenda kwa shirika lililotoa alama, mkiwa na ushahidi au mkiwa mmesharekebisha. Marekebisho yaandikwe wazi mwanzoni mwa posti, "Marekebisho: awali tuliandika...", si kubadilisha tarakimu kimyakimya. Na msifute posti baada ya alama kutolewa, kwa kuwa kuifuta hakuondoi alama. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipotangaza kuachana na wahakiki Januari 2025, uamuzi huo ulihusu Marekani, kwa hiyo utaratibu wenu uandikeni mkijua wapo, kisha mthibitishe tena kampeni zikikaribia.

Kuna mtego hapa. Maneno ya mwanasiasa mwenyewe hayahakikiwi chini ya mpango huo, lakini kichwa cha habari chenu kinahakikiwa. "Kura zetu zimeibwa, asema mgombea" ni nukuu. "Kura zimeibwa" na picha ya mgombea pembeni ni dai lenu.

Ya tatu ni matangazo. Ndiyo, kubusti habari inayomtaja mgombea ni tangazo la kisiasa mbele ya Meta, hata kama pesa zimetoka mfukoni mwenu. Anayebusti lazima awe ndani ya nchi, athibitishe utambulisho kwa kitambulisho, kisha peji iwekewe maelezo ya nani amelipia. Mkibusti bila hayo tangazo linasimamishwa, na linabaki kwenye maktaba ya matangazo kwa miaka 7 likionyesha kwamba lilienda bila maelezo. Anzeni kuthibitisha mapema, kwa sababu jina la kwenye akaunti lisipolingana na la kitambulisho mtarudishwa mwanzo. TikTok msihangaike: matangazo ya kisiasa yamekatazwa kabisa, na kumlipa mtu maarufu aposti kwa niaba ya mgombea kunahesabiwa hivyo hivyo.

Karani_wa_fomu

Mimi nashika hiyo ya Fomu 34A.

Picha ya fomu haivunji kanuni ya mtandao wowote. Kinachowaponza watu ni maneno yanayoandikwa juu yake. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu za vituo 46,229 na kila mwenye kompyuta akaweza kujumlisha. Runinga zilianza na fomu tofauti, kwa hiyo usiku ule ule stesheni moja ilionyesha Ruto mbele na nyingine Raila, zote zikisoma fomu halali. Watazamaji wengi wakadhani kuna wizi, na picha za skrini mbili zikiwekwa pamoja zikazunguka kama ushahidi. Matokeo ya mwisho yalikuwa 50.49% kwa 48.85%, tofauti ya kura 233,211. Mbio zikiwa karibu hivyo, mafungu machache ya fomu kutoka ngome ya mmoja yanageuza anayeongoza.

Kwa hiyo jumla yoyote mnayorusha iwe na vitu vinne ndani ya picha yenyewe, si kwenye maelezo ya chini tu: idadi ya fomu zilizojumlishwa kati ya zote, saa, maeneo ambayo bado hayajaingia kwa wingi, na sentensi kwamba mshindi wa urais hutangazwa na IEBC. Picha itakatwa na kusambazwa bila maelezo yenu, hilo lichukulieni kama hakika. Neno "ameshinda" lisitumike kabla ya tangazo. TikTok, dai la ushindi wa mapema ambalo halijathibitishwa huondolewa kwenye For You, ukurasa wa video ambazo mtandao huo humpendekezea mtazamaji. Video inabaki kwenye akaunti, ila ni kama iko kabatini.

Kabla ya kurusha fomu moja moja, mtu wa dawati aikague hivi. Jina na msimbo wa kituo vilingane na orodha iliyochapishwa kwenye gazeti rasmi. Waliojiandikisha wasizidi 700, kwa kuwa huo ndio ukomo wa kituo kimoja. Fomu yenye 812 ina walakini kabla hata ya kusoma kura. Jumlisheni kura za wagombea: lazima zilingane na kura halali. Kura zilizokataliwa haziingii kwenye kura halali, na hapa ndipo wanaojumlisha kwa haraka hukosea zaidi. Kisha tazameni sahihi ya msimamizi wa kituo, na tarakimu zilizoandikwa juu ya nyingine. Hesabu ikikosea kidogo si lazima iwe ghushi, makarani huchoka. Andikeni "hesabu hailingani" na mngoje nakala ya tovuti. Nakala ya tovuti ikitofautiana na picha ya mwandishi wenu, hiyo sasa ni habari, lakini rusheni zote mbili kwa ukubwa unaosomeka. Kumbukeni kwamba tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu ilikataa madai ya fomu kubadilishwa, baada ya ukaguzi kuonyesha za tovuti zinalingana na nakala halisi.

Jambo dogo linalosahaulika: nambari za vitambulisho au simu za mawakala zikionekana kwenye picha, zifunikeni. Posti inaweza kuondolewa kwa kuanika taarifa za mtu binafsi, na hapo hakuna siasa ya kulalamikia.

Dawati_la_lugha

Mlinda_lango kaeleza vizuri, ila hapo kwenye "si nyingi" natia shaka. Meta wenyewe walisema kwamba katika miezi sita hadi tarehe 30 Aprili 2022 walichukua hatua dhidi ya maudhui zaidi ya 37,000 ya chuki na zaidi ya 42,000 ya uchochezi kwa Kenya pekee. Na hiyo ni kabla kampeni hazijapamba moto.

Tatizo kubwa ni kwamba chujio linapitisha kibaya na kukamata kizuri. Julai 2022 mashirika ya Global Witness na Foxglove yalipeleka matangazo ya majaribio yenye matamshi ya chuki, kwa Kiswahili na Kiingereza, kuona kama Facebook itayakubali. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Baadhi ya yale ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha chafu. Yaliposahihishwa kidogo yakapita, chuki ikiwa pale pale. Tarehe 29 Julai NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe la sivyo iombewe kufungiwa, kisha mawaziri wakasema hakuna kufungiwa.

Kwa chumba cha habari hilo lina matokeo ya moja kwa moja. Chukueni neno "madoadoa". Kwenye mkutano wa siasa Bonde la Ufa linaweza kumaanisha jamii zinazotakiwa kuondoka. Kwenye video ya mfugaji ni ng'ombe tu. Mashine haijui mmeliripoti au mmelisema. Mkiripoti matamshi ya chuki, neno lenyewe lisikae kwenye kichwa cha habari. Sentensi ya kwanza iseme nani kasema, wapi, lini, na nani kalaani au kafungua mashtaka. Kwenye video muktadha uandikwe juu ya picha tangu sekunde ya kwanza, na neno lizibwe kwa sauti. Msirushe kipande cha hotuba kikiwa peke yake hata kama wengine wote wamerusha. Kwenye rufaa andikeni tafsiri ya sentensi nzima, pamoja na Sheng ikiwemo, kwa sababu anayepitia huenda asiwe mtu wa Nairobi wala Eldoret.

Mlinda_lango

@Dawati_la_lugha nilisema aina, si idadi. Ila hilo la kuziba neno nalikubali, ndilo linalookoa peji.

Sheria_kwanza

Niongeze upande wa nchi, maana mnazungumza kana kwamba Meta ndiyo mahakama. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Posti kubaki Facebook si kinga. Tena mwongozo wa 2017 wa Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC uliweka mzigo wa kudhibiti mijadala kwa msimamizi wa ukurasa. Maoni ya wasomaji ndiyo yanayosahaulika: washeni kichujio cha maneno, ingizeni maneno ya matusi ya kikabila ya eneo lenu kwa tahajia zote mnazozijua, na usiku wa matokeo mpeni mtu mmoja kazi hiyo tu. Maoni mnayoyafuta yapigeni picha kwanza, mkiwa na linki na saa.

mhariri_wa_kaunti

Asanteni sana, tayari kuna mabishano mawili yamekwisha hapa ofisini. Imebaki WhatsApp, na je, mtandao wenyewe ukizimwa?

Mtaa_wa_mnara

WhatsApp haisomi meseji za makundi, zimefungwa kutoka simu hadi simu. Inachodhibiti ni mwendo: meseji ya kusambazwa inaenda mazungumzo 5 kwa mara moja, na ikishapita mikono mingi ikapata mishale miwili, inaenda moja moja. Namba inayotuma kwa wingi kwa watu wasioihifadhi hufungiwa, hata ikiwa inatuma matokeo sahihi. Chaneli ni kitu kingine: iko hadharani, inaweza kuripotiwa na kuondolewa. Kwa hiyo kanuni mlizopewa juu zifuateni na kwenye chaneli.

Kuhusu kuzimwa, tofautisheni kuzibwa kwa mtandao mmoja na kuzimwa kwa intaneti yote. Uganda 2021 yalifuatana: tarehe 11 Januari Facebook ilitangaza kuondoa akaunti ilizosema zina uhusiano na wizara ya habari na teknolojia, tarehe 12 Museveni akatangaza Facebook imefungwa, tarehe 13 jioni intaneti ikazimwa, kura ikapigwa tarehe 14, na intaneti ikarudi tarehe 18. Facebook yenyewe iliendelea kuzibwa. Tanzania mtandao wa X (zamani Twitter) ulizibwa tangu Mei 2025, na siku ya kura, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa. VPN, programu ya kukwepa kizuizi, inasaidia kwa kisa cha X. Intaneti ikizimwa yote haina kazi.

Kenya haikuzima 2022, lakini mpango wa akiba hauna gharama kubwa. Kubalianeni na redio ya FM ya kaunti isome matokeo yenu. Kila mwandishi awe na laini za mitandao miwili ya simu na atume kwa SMS ya kawaida, herufi 160 zinatosha: msimbo wa kituo, waliojiandikisha, halali, zilizokataliwa, kisha kura za wagombea kwa mpangilio wa karatasi ya kura, zikitenganishwa kwa nyota. Mpangilio uchapisheni kwenye kadi, maana mwandishi akibadilisha nafasi za wagombea wawili jumla bado itakuwa sahihi na hamtagundua. Ndiyo maana dawati limpigie simu aisome tena fomu kwa majina, si kwa nafasi, kabla tarakimu hazijaingizwa.