Tupeane uzoefu: kigodoro gani cha sponji kwa anayelala nje, pwani au mlimani?

Mwana wa Kusini

Assalaam alaykum waungwana.

Ijumaa iliyopita tulikwenda vijana sita kupiga kambi upande wa mashariki wa Unguja, pale maweni yanapoanzia nyuma ya mchanga. Wenzangu walichukua mikeka yao ya ukili, mie nikawacheka, maana nilikuwa na kigodoro cha kupuliza nilichokipata mtumbani Darajani, chepesi, kikikunjwa ni kama chupa ya maji. Saa tano nimelala juu ya upepo. Saa nane nimelala juu ya jiwe. Jiwe la maweni mnalijua lina meno, na mie nilisimamisha hema bila ya kupapasa chini. Asubuhi nikakizamisha baharini kutafuta tundu, nikahesabu matatu. Nimeyaziba kwa viraka vya baiskeli. Viwili vimeshika, cha tatu bado kinapumua.

Sasa nataka sponji, ile ya kukunja au kuviringisha, ambayo ikichomwa haina upepo wa kupoteza. Nna safari mbili: Disemba tunarudi pwani, na Julai tunakwenda Lushoto, ambako nasikia usiku wake si wa mchezo. Kimoja kitanitosha kwa zote mbili? Unene gani? Ila mtu aseme yaliyomkuta mwenyewe ubavuni, si alichokisoma kwenye karatasi ya dukani.

Mkojani

Waalaykum salaam. Mie mtu wa Kojani, Pemba; dago, yaani kambi ya wavuvi, nimeanza kwenda na ami yangu nna miaka kumi na nne. Wazee walikuwa wanatandika tanga kuukuu, juu yake jamvi, wanalala mpaka alfajiri hawageuki. Mie mbavu zangu zilikuwa bado laini. Msimu wa pili nikajifanya mjanja, nikakata kipande cha godoro la sponji nyumbani, nikakiviringisha, nikakitia chomboni. Dago letu mwaka huo lilikuwa kisiwa cha Misali. Usiku wa kwanza raha, wenzangu wananionea kijicho. Usiku wa pili ikatushukia mvua ya vuli. Asubuhi ile sponji naiinua kwa mikono miwili kama gunia la chumvi, maji yanachuruzika hayaishi. Siku tatu imeanikwa juu ya mikoko haijakauka, na kwa harufu, ngisi aliyelala alikuwa na nafuu.

Ami alicheka mpaka akakaa kitako. Akanambia, "Nabii Hadhara alifika hapa hapa akaomba msala wa kuswalia, wavuvi hawana, akasema basi kisiwa chenyewe ndio msala wangu. Wewe nani hata mchanga usikutoshe?" Kisha akanishikisha chelezo cha nyavu. "Bonyeza. Hiki kinashinda majini, umepata kukiona kimezama?"

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa sponji si moja. Ile ya godoro vitundu vyake vimeungana, maji yakiingia kimoja yanatembea mpaka upande wa pili. Hii ya vyelezo, na ya ndara tunazovaa, kila kipovu kimefungwa peke yake kama chumba kisicho mlango. Maji hayana pa kupita, yanabaki juu, unakung'uta unalala. Mwanakwetu, unachokitafuta wewe ni hiki cha pili. Muuzaji akikwambia "sponji" tu, muulize sponji gani.

Mie sikuwa na pesa ya cha dukani. Nilikwenda kwa wauza mafriji nikaomba zile shuka nyeupe za povu wanazofungia bidhaa, nikazipandanisha nne, nikazishona pembeni kwa uzi wa nyavu. Si kizuri kwa sura, lakini kilinitoa misimu miwili mizima. Kilichokuja kukiua ni uzito wangu mwenyewe: povu likilaliwa sana linabaki bapa pale penye kiuno na halinyanyuki tena.

Na kitu kimoja hukuuliza. Ukitoka baharini kisuuze kwa maji baridi ya mfereji au ya mvua. Chumvi ikibaki inavuta unyevu wa hewa, kila usiku kinanata mgongoni hata kama hakuna mvua.

Kijana wa Ng'ambo

Mie kambi yangu Forodhani. Nikishiba urojo narudi kulala nyumbani. Endeleeni.

Mtoto wa Michenzani

Huyo wa Forodhani namuelewa, lakini mie nimo katika walioadhibiwa.

Nilipanda Kilimanjaro na wenzangu wa chuo kwa njia ya Machame, ambayo usiku wote ni wa mahema. Wenye vibanda na vitanda ni wa Marangu. Sikuchukua kigodoro cha kambi. Nilichukua mkeka wa mazoezi wa dada yangu, mwembamba kama ukucha. Nilijisemea: nimezaliwa kisiwani, nimelala chini maisha yangu yote, baridi itakuja kwa juu, na juu nna mfuko wa kulalia mzito wa kukodi.

Kumbe baridi inayoua inatoka chini. Ule mfuko unakupa joto kwa sababu umejaa hewa baina ya nyuzi zake, sasa ukiulalia unaukandamiza, hewa yote inatoka, mgongo wako na ardhi vinabaki na kitambaa tu kati yao. Usiku wa kwanza nilivaa soksi mbili. Usiku wa tatu nilivaa kila nilichokuwa nacho, pamoja na koti la mvua. Tulipofika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari, watu wanaamshwa kiasi cha saa sita usiku waanze kwenda kileleni. Mie sikuhitaji kuamshwa.

Tuliporudi kutoka juu, mpagazi mmoja aliniona natetemeka mchana kweupe, akaniletea kigodoro chake cha sponji ngumu, kile cha mikunjo kama kinanda cha taarab. Akasema weka chini ya huo wako. Usingizi nilioupata siku ile, hata nyumbani sijawahi.

Nilipoteremka nikaanza kuulizia. Vigodoro hivi vina namba inaitwa R, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto lako linavyochelewa kumezwa na ardhi. Wanaipima kwa kukibana kigodoro baina ya bamba la moto na bamba la baridi, na tangu 2018 kuna kipimo kimoja, ASTM F3340, kwa hiyo makampuni yanayokifuata unaweza kuyalinganisha. Zamani kila mtu alijitangazia yake. Hivi vya kukunja vingi viko kwenye 2 hivi. Nilichonunua mie baadaye ni Z Lite Sol ya Therm-a-Rest: R ni 2.0, unene sentimita 2, uzito gramu 410, upande mmoja unang'aa kama bati, na huo ndio unaokaa juu kwenye baridi. Uzuri wake, namba za R zinajumlishwa. Ukiweka cha 2 juu ya cha 2, una 4. Si lazima ununue kikubwa cha kutisha kwa safari moja.

Kwa Lushoto, nilikwenda Juni na hicho kimoja, blanketi na soksi. Alfajiri niliisikia, lakini nililala. Kwa huku kwetu Unguja, namba ya R usiilipie hata senti.

Bi Hija

Wanangu, na mie mtu mzima niingie. Sijapiga kambi maishani, lakini nimelala nje usiku mmoja ambao hauna hema wala kitanda, nao ni wa Muzdalifa, katika hija. Mnatoka Arafa jua likishazama, mnafika mnaswali Magharibi na Isha, kisha kila mtu anatafuta pahala pake chini ya mbingu. Wenzangu walichukua misala tu. Mwanangu wa kiume alinilazimisha nichukue kigodoro hicho hicho mnachokisema, cha mikunjo. Nikamwambia wewe, n'nakwenda kuhiji au n'nakwenda kutembea?

Alikuwa na haki. Kwanza chini pana kokoto, na goti langu la kulia halitaki kokoto. Pili, hili sikulitarajia: ardhi ilikuwa bado ina moto wa mchana kutwa. Wenzangu wanageuka kama mkate wa kumimina, mie chini yangu hapana kitu. Huyo kijana kasema sponji inazuia baridi. Basi na moto inauzuia vile vile.

Mie nasema cha kukunja, si cha kuviringisha. Katika msongamano kile cha kuviringisha kinawapiga watu usoni, na ukikitandika kinataka kurudi kuwa bomba, unakilalia upande huu kinainuka upande ule.

Fundi Ndara

Bi mkubwa kamaliza maneno. Mie nauza na kukarabati viatu, povu hili nalikata kila siku. Usikiamini kibandiko, fanya hivi. Bonyeza kwa dole gumba mpaka mwisho, uachie. Likirudi upesi ni zima. Alama ya dole ikikaa, usinunue. Kisha piga goti moja juu yake penye sakafu ngumu, uzito wote. Ukiisikia sakafu, usiku nyonga yako itaisikia zaidi. Kwa cha mtumba, chovya pembe katika ndoo ya maji, kamua. Yakitoka maji, hiyo ni sponji ya godoro imevishwa nguo.

Na jua! Changu nilikisahau kwenye buti ya gari siku tatu, bandarini Malindi, joto la kaskazi. Nilikitoa kimefupika na kimejikunja kama papa mkavu, miguu ikabaki nje. Povu hili haliogopi maji, linaogopa moto. Usikitandike karibu na jiko la kambi, na nyumbani kiweke kimelala, bila ya kitu kizito juu.

Mama Pacha, Wete

Mbona hamsemi jasho? Povu halipumui. Ukililalia tupu huku kwetu unaamka umeloa, unadhani hema limevuja. Tandika kanga au mkeka wa ukili juu, yameisha. Na wanaolala kwa ubavu kama mie, kwenye mchanga chimbeni kishimo kidogo pale nyonga itakapokaa, ndipo mtandike. Hata chembamba kinatosha. Babu yangu alikuwa akifanya hivyo bila ya kigodoro.

Mwana wa Kusini

Nimekaa nimesoma yote. Nachukua cha kukunja cha sentimita 2, cha povu la kufungwa, na kwa Lushoto namuiga Mkojani: shuka mbili tatu za wauza mafriji chini yake, sizibebi tena pwani. Disemba nna mkeka wa bi mkubwa nyumbani wa kuweka juu. Nimeona pia watu wanakikata kifupi, kiishie magotini, miguu wanaiweka juu ya begi. Kuna aliyejaribu?

Mtoto wa Michenzani

Mie. Pwani sawa. Mlimani visigino vilinilaumu.

Mkojani

Ukikikata, kipande usikitupe. Mie changu nakikalia chomboni, ubao wa ngalawa hauna huruma.

Mwana wa Kusini

Bi Hija, samahani, hicho chako unaweza kuniazima usiku mmoja nikijaribu kabla sijatoa pesa?

Bi Hija

Kipo kwa mwanangu Mwanakwerekwe, anakilalia mjukuu wangu na hataki kukiwacha. Njoo mchana akiwa skuli, ukipime. Na mkasi usije nao.